Katuni ikimaliza kila kitu yenyewe, mtoto abaki na nini?

Watu wakishajua unapenda katuni ukubwani basi umeshakuwa mshauri wao. Kila likizo naulizwa nitaje muvi nzuri ya kumwekea mtoto, nikiuliza ana miaka mingapi najibiwa, halafu panaongezwa "ila iwe na mafunzo". Sa hapo kwenye mafunzo ndo tunapopishana. Siyo kwamba siyataki, ila mi nachoangalia kwanza ni kitu kingine kabisa: hii muvi imemwachia mtoto kazi gani? Maana kuna katuni inamfanyia kila kitu, inamwonyesha nani mbaya kwa muziki wa kutisha kabla hata huyo mbaya hajafungua mdomo, inamwambia hapa cheka, hapa huzunika, halafu mwishoni anasimama mtu anatangaza somo lote kwa maneno kama anasoma tangazo. Mtoto hapo amebaki na kazi ya kukaa tu. Na kuna katuni nyingine inanyamaza kidogo, inamwonyesha uso wa mtu bila kusema anawaza nini, na mtoto inabidi aumize kichwa mwenyewe. Hizo za pili ndo nzuri, na nikishaona muvi ni ya aina hiyo hayo mengine, rangi, nyimbo, wanyama wanaoongea, nakuwa sina ugomvi nayo.

Ukitaka kujua una ipi mbele yako usiangalie skrini, mwangalie mtoto. Wazazi wengi wakiona mtoto katulia tuli, mdomo wazi, haitiki hata akiitwa, wanasema hii imempendeza. Inawezekana, ila na usingizi nao unatuliza. Mtoto aliyepewa kazi huwa anasumbua, anajigeuza, anauliza "anaenda wapi huyo?", anajibu mwenyewe kabla hujamjibu, anakosea, anajirekebisha, anamkanya steringi "usifungue!" na anamkasirikia akifungua. Kuangalia naye kunachosha kweli kweli. Hiyo ndo dalili yenyewe.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni My Neighbor Totoro, katuni ya Kijapani ya mwaka 1988 ya Hayao Miyazaki na studio ya Ghibli. Muvi nzima ni dakika 86 na haina adui. Hamna kabisa. Wasichana wawili, Satsuki na mdogo wake Mei, wamehamia kijijini na baba yao, mama yao yuko hospitali anaumwa, na karibu na nyumba kuna msitu unaokaa dude kubwa lenye manyoya. Basi. Kuna sehemu wale watoto wameenda kituo cha basi jioni kumsubiri baba na mwavuli wake, mvua inanyesha, basi linafika, baba hayumo, linaondoka. Giza linaingia, Mei anasinzia, dada yake anambeba mgongoni huku bado kashikilia mwavuli, halafu muvi inakaa hivyo hivyo. Mvua, taa, njia haina mtu. Inakaa mpaka mtu mzima anaanza kutafuta simu yake. Ndo Satsuki, ambaye mwavuli umemziba asione mbele, anaona miguu mikubwa yenye makucha inakuja kusimama pembeni yake. Anainua mwavuli taratibu na kumbe ni lile dude, limejiwekea jani kichwani, na lenyewe linasubiri basi. Analiazima mwavuli wa baba. Dude halijui mwavuli ni kitu gani, ila linasikia matone yanayodondoka kutoka kwenye miti yanapiga juu yake, tap, tap, linatoa macho, manyoya yanasimama, linanogewa, halafu linaruka juu na likitua maji yote yaliyokuwa yamekaa kwenye majani ya miti yanamwagika kwa mkupuo mmoja.

Kwenye sehemu yote hiyo karibu hakuna mtu anayeongea. Hakuna aliyesema dude ni zuri au ni baya, mtoto anayeangalia ndo anaamua, na anaamua kwa kuangalia macho yake, mdomo wake, namna lilivyoshika ule mwavuli mdogo kwa makucha makubwa. Mpwa wangu wa miaka minne pale miguu ilipotokea aliacha kuongea kwa sauti akaninong'oneza "mjomba, ni yeye", utadhani tungelishtua. Ule muda mrefu wa kusubiri basi ndo ulimpa nafasi ya kuhofia kwanza, kisha kushuku, kisha kujua. Ungeukata ukabaki wa sekunde kumi angepata mshtuko mmoja tu na habari ikaishia hapo.

Nikisema hivi watu wanadhani napenda katuni za kuboa. Hapana, katuni inaweza kukimbia na ikawa tamu, kufukuzana ni sehemu ya uzuri wa katuni toka zamani, Tom na Jerry wameanza kukimbizana mwaka 1940 na watoto bado wanavunjika mbavu. Ninachokataa ni kukimbia kusikokuwa na pumzi. Mwaka 2011 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha Virginia kule Marekani, Angeline Lillard na Jennifer Peterson, walichukua watoto 60 wa miaka minne wakawagawa makundi matatu, wengine wakaangalia katuni ya haraka inayobadilisha mandhari kila sekunde 11 hivi, wengine katuni ya taratibu inayobadilisha kila sekunde 34, wengine wakachora tu. Dakika 9. Halafu wakapewa majaribio ya kufikiri na ya kuvumilia, na wale wa katuni ya haraka wakafanya vibaya kuliko wenzao. Ni kweli walipimwa papo hapo, haimaanishi mtoto ameharibika, na mi sipendi wale wanaochukua utafiti kama huo wakautangaza kama vile katuni ni sumu. Ila ukishawahi kumzimia mtoto katuni ya namna hiyo ukaona anavyogeuka kuwa mtu mwingine kwa muda, huhitaji kushawishiwa sana.

Kuna kipindi kimoja cha watoto cha Marekani, siyo muvi lakini kinafundisha jambo, kinaitwa Blue's Clues, kilianza 1996. Yule mtangazaji alikuwa anamuuliza mtoto swali, halafu ananyamaza. Ananyamaza kweli, anakodoa macho kwenye kamera anasubiri, muda ambao mtu wa televisheni wa kawaida angesema tunapoteza watazamaji. Watoto walikuwa wanaijibu TV kwa kelele! Na kipindi kile kile kilirudiwa siku tano mfululizo, walipochunguza wakakuta watoto hawachoki, wanaelewa zaidi na wanajibu zaidi kadiri kinavyorudiwa. Yani nafasi ile ya ukimya ndo ilikuwa kipindi chenyewe.

Hapa naingia kwenye kipimo changu kingine: toa sauti. Weka katuni bila sauti dakika kumi uone kama mtoto bado anajua kinachoendelea. Kipimo hiki kina sababu, watoto wengi duniani wanaangalia katuni kwa lugha ambayo hawaijui au bado hawajaijua vizuri, na wadogo zaidi hata lugha ya nyumbani inawapita kasi. Anayesimuliwa kwa maneno tu hapo ameachwa. WALL-E ya mwaka 2008 inaanza na roboti liko peke yake duniani linakusanya takataka, na kwa sehemu kubwa ya mwanzo wa muvi hakuna mazungumzo ya maana. Lakini mtoto anajua kila kitu kuhusu lile roboti. Kuna mahali linaokota kikasha kidogo kizuri, linakifungua, ndani mna pete ya almasi, linaitupa pete linabaki na kikasha, linakifungua na kukifunga, kinalifurahisha. Mtoto anacheka kwa sababu na yeye angefanya hivyo hivyo! Mtu mzima anacheka kwa sababu nyingine. Halafu lina vijiko limeviweka huku na uma limeziweka kule, sa linaokota kitu ambacho ni kijiko na uma kwa wakati mmoja, linajaribu huku, linajaribu kule, mwisho linakiweka katikati. Hakuna neno hata moja lakini umeshamjua: ni mpangaji, ni mpweke, ana roho nzuri. Kwa maneno ingechukua ukurasa mzima na mtoto angekuwa ameshatoka nje kucheza.

Mwaka 2024 ikatoka Flow, ya Gints Zilbalodis wa Latvia, paka na wanyama wenzake kwenye mashua, maji yamefunika dunia, na hakuna anayeongea mwanzo mpaka mwisho, paka analia kama paka na mbwa anabweka kama mbwa. Imetengenezwa kwa Blender, programu ya bure ambayo hata wewe unaweza kuipakua leo, na mwaka 2025 ikachukua Oscar ya filamu bora ya katuni mbele ya studio kubwa zenye pesa zao. Naitaja kwa sababu kuna watu wanapima katuni kwa ung'avu wa picha, ukiangalia nywele moja moja na maji yanavyometameta. Mtoto hahesabu nywele. Ila anamjua paka aliyeogopa na paka aliyeudhika, na akiona mnyama anatembea vibaya anakwambia "siyo hivyo".

Haya, tuje kwenye huzuni, maana hapa ndo wazazi wanakuwa wakali. "Sitaki mwanangu alie." Naelewa. Lakini hizi muvi za katuni zimejaa vifo toka zamani, mwaka 2014 jarida la madaktari la Uingereza, BMJ, lilitoa utafiti uliolinganisha katuni 45 zilizouza sana, kuanzia Snow White ya 1937 mpaka Frozen ya 2013, na filamu za drama za wakubwa za miaka hiyo hiyo, wakakuta wahusika muhimu kwenye katuni wana hatari ya kufa mara 2.5 zaidi kuliko wale wa filamu za wakubwa. Lilitoka kwenye toleo lao la Krismasi ambalo huwa lina utani ndani yake lakini hesabu zenyewe ni hesabu. Na mama na baba ndo wanaongoza kwa kuondolewa. Kwa hiyo swali siyo kama mtoto atakutana na kifo kwenye katuni, atakutana nacho, swali ni katuni inafanya nini baada ya kukileta.

Angalia The Lion King ya 1994. Nyumbu wamepita, vumbi linatulia, Simba anamkuta baba yake kalala. Anamsukuma kwa kichwa. Anamwita. Anamvuta sikio. Anakimbia kidogo anaita msaada kwenye bonde tupu, anarudi, halafu anajipenyeza chini ya mkono wa baba na kulala hapo. Waliotengeneza wangeweza kumtorosha haraka haraka twende kwenye kuchekesha, maana Timon na Pumbaa wako karibu tu, lakini walimwachia mtoto muda wa kuelewa taratibu, kwa hatua zile zile anazoelewa Simba. Mtoto wa miaka mitatu anauliza kwa nini haamki. Wa miaka sita haulizi. Ndo baadaye vichekesho vinakuja, na vinakuja kwa wakati wake, kama mtu aliyekusubiri umalize kulia ndo akakuletea maji. Katuni mbaya inaleta maji kabla hujaanza kulia, mtu amekufa na sekunde ishirini baadaye kuna mnyama anajamba, na hapo mtoto anafundishwa kwamba lile lililomgusa halikuwa na uzito.

Inside Out ya 2015 ilijengwa juu ya jambo hili hili, na wahusika wake ni hisia zinazoishi kichwani mwa msichana mmoja: Furaha, Huzuni, Hofu na wenzao. Mwongozaji wake Pete Docter mwanzoni alimsafirisha Furaha na Hofu, kazi ikaenda mbali tu, kisha akaona haifanyi kazi akamtoa Hofu akamweka Huzuni. Sasa kuna sehemu rafiki wa kufikirika wa yule msichana, Bing Bong, gari lake limetupwa shimoni, amekaa chini amevunjika moyo. Furaha anajaribu kumtekenya, anamfanyia sura za ajabu, anamhimiza twende twende, wapi. Huzuni anakuja anakaa pembeni yake, anamwambia pole wamekuchukulia kitu ulichokipenda, anamsikiliza. Bing Bong analia, machozi yake ni pipi, kisha anajifuta na kusema sasa niko sawa, twende. Furaha anashangaa, amefanyaje huyu? Huzuni anasema hajui, alimsikiliza tu, na muvi inaendelea bila kufafanua. Nimewahi kuangalia sehemu hiyo na kundi la watoto wa umri tofauti tofauti na wakubwa kati yao walianza kubishana wenyewe kwa nini Furaha alishindwa, mmoja akasema "kwa sababu hakumsubiri". Hakuna mtu mzima aliyemfundisha hilo jibu.

Kutisha ni habari nyingine, na hapa umri una maana sana kuliko kwenye huzuni. Joanne Cantor, mtafiti wa Chuo Kikuu cha Wisconsin aliyefanya kazi miaka mingi juu ya watoto na hofu za kwenye skrini, alionyesha kwamba wadogo wa umri wa chekechea wanatishwa na sura, yani kitu kinavyoonekana na kinavyobadilika, wakati wakubwa wanatishwa na kitu kinachoweza kutokea kweli. Ndo maana wale wadogo waliogopa sana tamthilia ya The Incredible Hulk, ambayo kwa mkubwa yule dude la kijani ni mtu mwema, ila mdogo anamwona mtu anageuka dude basi imeisha, wema wake haumsaidii. Na ndo maana ile sehemu ya Pinocchio ya mwaka 1940 ambapo mvulana anageuka punda huku anamlilia mama yake imewakosesha watu usingizi vizazi na vizazi. Kumweleza mdogo kwamba "siyo kweli, ni katuni tu" hakusaidii kivile, kumkumbatia kunasaidia. Kwa hiyo mtu akiniuliza kuhusu kutisha siulizi kuna wafu wangapi, nauliza kuna kugeuka geuka? Mtoto wa miaka mitatu naweza kumwekea muvi yenye kifo nikaacha ile yenye mtu anayeota pembe.

Haya mafunzo sasa, nisikwepe. Toy Story ya 1995 ndo muvi ndefu ya kwanza kutengenezwa yote kwa kompyuta, na watu wanaisifia kwa hilo, lakini mi naipendea Woody, mdoli anayependwa kuliko yote na mtoto mwenye midoli. Steringi ana wivu! Mdoli mpya, Buzz, amekuja, ana taa na mabawa, na Woody anapanga kumwangusha nyuma ya meza ili yeye ndo apelekwe matembezi, mambo yanaharibika Buzz anatokea dirishani mpaka nje. Mtoto anayeangalia alikuwa upande wa Woody mpaka sekunde ile, sasa afanyeje? Amchukie? Na yeye mwenyewe juzi tu alimsukuma mdogo wake kwa sababu hiyo hiyo. Watengenezaji waliteseka sana kuipata hiyo mizani, mwaka 1993 walipowaonyesha Disney sehemu waliyokuwa wameifanya Woody alikuwa mkatili mno, hana wa kumpenda, kazi ikasimamishwa waandike upya. Walichorudi nacho siyo Woody mwema, ni Woody mwenye sababu. Sasa linganisha na katuni ambayo mtoto mbaya anakula pipi zote peke yake, anaumwa tumbo, anaomba msamaha, wimbo. Mtoto wako hajawahi kujiona kwenye huyo mtoto mbaya hata siku moja. Anamwona mwenzake wa darasani.

Vichekesho vya wakubwa vilivyofichwa humo ndani sina shida navyo vikiwa juu juu, mtoto havimgusi vinampita. Shida ni muvi inayochekesha kwa kutaja vitu vilivyotrendi mwaka ilipotoka, miaka mitano baadaye hata mkubwa hacheki. Na mastaa wanaokodishwa sauti ili majina yao yakae kwenye bango, mtoto hawajui, anataka sauti ya sungura iwe ya sungura. Tusikae sana hapo.

Kurudia ndo mtihani mkubwa. Mtoto hawezi kuangalia mara moja, na wewe uko sebuleni unasikia tu, kwa hiyo muvi isiyokuwa na kitu utaijua kwa namna inavyokuchosha wewe ukiwa hata huiangalii. Iliyoachia mtoto kazi huwa inabadilika, mara ya kwanza alimfuata steringi, mara nyingine anamfuata yule mdogo wa pembeni ambaye wewe hukumwona, mara nyingine anacheka mahali alipokuwa anaogopa na anahakikisha umemwona akicheka. Halafu inahamia kwenye michezo yake na hapo ndo unajua alichobeba. Mtoto akiigiza kupigana peke yake, ngumi, teke, "mimi ndo steringi", muvi ilimpa hicho tu. Ila nimeshaona kiti kinageuzwa kituo cha basi, mdoli mmoja kabebwa mgongoni, na watu wawili wanasubiri kwa uvumilivu mkubwa basi lisilokuja, na mtu mzima akipita akauliza mnacheza nini anaambiwa akae foleni.

Jambo la mwisho ni la kiufundi kabisa. Muvi ikiisha, majina yanapopita, ndo maswali yanakuja. Alienda wapi? Mama yake atapona? Kwa nini hakumwambia? Na ndo muda huo huo programu hizi za kuangalizia zinapunguza majina kuwa kadirisha kadogo pembeni na kuanza kuhesabu sekunde kukuletea nyingine. Ingia kwenye mipangilio uizime hiyo, ipo, mara nyingi wameificha kwenye sehemu ya akaunti au uchezaji, na kwenye baadhi unatakiwa uizime kwa kila wasifu peke yake, wa mtoto usiusahau. Halafu akiuliza usikimbilie kumjibu, muulize yeye anaonaje. Mpwa wangu hapo huwa anaongea mpaka majina ya mafundi wa taa yanaisha.